Siku Niliyomsomea Mayu Kabula Barua ya Kijerumani

Leo nimeaibika. Si aibu ya kuteleza kwenye tope, ukainuka na kujipangusa. Nimeaibika mbele ya watu kama arobaini, fahali mmoja, na mtu aliyekufa zamani.

Nawaandikia ninyi watatu, wenzangu wa bweni la shule, kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine. Maana mtaisikia. Habari hii ilifika hapa mgodini Mwadui kabla yangu, na mimi nilikuwa na baiskeli.

Nitaeleza kwa mpangilio, kama ninavyoandika ripoti ya stoo: kilichoingia, kilichotoka, kilichovunjika.

Ugonjwa wangu wa lugha za Wazungu mnaujua. Ulianza pale stoo ya mgodi, ninapogawa makoleo na mafuta ya mashine. Mabwana wakubwa wanaongea Kiingereza. Mafundi wengi ni Makaburu, nao wana lugha yao. Mimi husimama katikati na kuandika. Siku moja nikagundua kwamba wakiomba kitu kile kile, maneno yao yanafanana kama watoto wa baba mmoja na mama tofauti. Kisha Mswisi mmoja, mpima mawe, akamaliza mkataba wake, akaniachia kitabu kinene cha historia ya lugha hizo: Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi, Kiswidi, na nyingine ambazo watu wake walikwisha zamani. Kitabu kinasema zote zilikuwa lugha moja. Watu wakahama, wakatawanyika, na sauti zikahama nao. Lakini hazikuhama ovyo. Mwingereza husema *ten*, Kaburu *tien*, na Mjerumani amesogea mpaka *zehn*. Mwingereza husema *pipe*, Mjerumani *Pfeife*. T inageuka hivi, P inageuka vile, neno baada ya neno, kama zamu za kazi mgodini.

Nilikisoma kila mapumziko ya mchana kwa miaka miwili. Nikaanza kuwahutubia watu kantini. Nikawaambia kwamba jinsi Msukuma, Mnyamwezi na Msumbwa wanavyosikilizana bila mkalimani, ndivyo walivyokuwa Mwingereza na Mjerumani kabla hawajasahauliana. Wakaniita Mjerumani. Nilijifanya sipendi. (Nilipenda sana.)

Sasa kuna jambo moja ambalo sikumwambia mtu. Kijerumani chenyewe sikijui. Ninachojua ni habari zake. Najua kimetoka wapi na kimepoteza nini njiani. Ni sawa na mtu anayeujua ukoo mzima wa jirani yake lakini hajawahi kukaribishwa ndani.

Alhamisi akaja Luhende dirishani kwangu. Luhende anaendesha trekta la mgodi, mtu mpole, rika la kaka yangu mkubwa.

"Karani, wewe si unasoma Kijerumani?"

"Nasoma." (Hilo lilikuwa jibu la kweli. Ningefunga dirisha hapo hapo, nisingekuwa nawaandikia.)

"Mama ana barua ya baba. Tangu vita ya Mjerumani."

Akanieleza. Baba yake, Ngasa, alichukuliwa kwenda vitani na Wajerumani, Luhende akiwa bado tumboni. Hakurudi. Aliyerudi ni mpagazi mmoja Mnyamwezi, mgonjwa, akamkabidhi mama karatasi na kusema imetoka kwa mumewe, kisha naye akafa wiki ile ile. Mama hajui kusoma. Misheni ilikuwa tupu, mapadri wamekwisha kuondolewa. Alipompelekea karani wa boma, karani akaitazama mara moja, akasema, "Kijerumani hiki, kaifiche, Waingereza wasikuone nayo." Akaificha. Baada ya miaka akamwonyesha mwalimu. Mwalimu naye akasema Kijerumani. Kila aliyeitazama alisema hivyo na kuirudisha.

"Sasa mimi nimemwota baba mara tatu," Luhende akasema. "Anasimama mlangoni, haingii. Wazee wanasema ni kwa sababu hatujamwekea matanga. Nami nataka kuyaweka. Mama amekataa. Anasema hamlilii mtu ambaye neno lake la mwisho hajalisikia."

"Miaka yote hiyo?"

"Karibu arobaini. Hajanyoa nywele za msiba hata siku moja. Na kifua kinambana sasa, Karani. Naogopa atatangulia yeye kabla ya barua kusomwa."

Nikamwambia nitakuja Jumapili. Sikuomba hata kuiona barua kwanza. Daktari gani anakubali kupasua mgonjwa ambaye hajamwona? Mimi.

Leo asubuhi nikavaa kaptula nyeupe, soksi ndefu na tai. Nikafunga kitabu changu kwenye keria ya baiskeli, kipate kuonekana. Njia nzima ilikuwa vumbi. Mvua mwaka huu imewapita watu wa huku. Mtama umesimama umekauka, ukipita karibu unalia kama karatasi. Nilikutana na ng'ombe waliokonda hata niliwaonea haya, mimi mwenye soksi ndefu.

Nilidhani nitamkuta mama na mwanawe. Nikakuta mkutano. Ndani ya wigo wa minyaa ukoo wote ulikuwa umeketi, wanaume juu ya vigoda, wanawake chini, na kwenye nguzo amefungwa fahali mweusi. Luhende akaninong'oneza kwamba barua ikiwa ya kuaga, fahali anachinjwa na matanga yanaanza leo. Ikiwa si ya kuaga, anafunguliwa.

"Kwa hiyo wote hawa wananingoja mimi?"

"Wewe na fahali," akasema.

Mbele kabisa alikaa Mzee Masanja, mdogo wake Ngasa, na fimbo magotini. Nikaambiwa kwamba huyu ndiye aliyetaka kumrithi mjane wa kaka yake, akataka tena na tena, na mara zote akakataliwa. Pembeni, juu ya gunia la dagaa, alikaa mzee mmoja mgeni wa kofia na kanzu iliyofubaa. Aliitwa Mzee Ramadhani, mfanyabiashara wa Nkome, mzaliwa wa Ujiji. Lori lililokuwa limebeba mzigo wake lilivunjika ekseli barabarani siku tatu zilizopita, na Luhende akampa mahali pa kulala. Nilimpa shikamoo ya haraka. Alinuka dagaa, nami nilikuwa na tai.

Mayu Kabula aliletwa na wajukuu wawili. Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma, na kila mtu pale alimwita hivyo. Ni mwembamba kama ufito, pumzi zake zinasikika. Nikainama kumwamkia. Akanishika mkono asiuachie.

"Ndiwe msomaji?"

"Ndimi, mayu."

"Wamesema unajua mpaka mahali lugha yao ilikozaliwa."

"Ndiyo, mayu." (Hili pia lilikuwa kweli.)

Akatoa kibuyu kidogo cha samli, kikavu, kimezibwa kwa nta. Akaibandua nta mwenyewe, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Nikaikunjua.

Jamaa zangu, sikilizeni. Kitabu changu kimepigwa chapa. Herufi zake zimesimama moja moja, kila moja na sura yake. Karatasi hii iliandikwa kwa mkono, mwandiko wa Wajerumani wa zamani, na mwandiko huo sijawahi kuuona maishani. Ilikuwa kama mtu amechora wigo wa miiba toka ukingo mpaka ukingo, mstari baada ya mstari. Miiba ya kupanda, miiba ya kushuka, yote sawa. Sikuona a. Sikuona b. Kama si mikunjo nisingejua hata upande wa juu ni upi.

Hapo ndipo mtu mwenye akili husema, "Mayu, nisamehe, siwezi." Ni maneno matatu. Nilikuwa nayo kinywani. Kisha nikamwona Mzee Masanja ananitazama, akatabasamu kwa upande mmoja, akasema, "Hata huyu naye imemshinda."

Nikayameza yale maneno matatu.

"Wazee wangu," nikasema, "Kijerumani hakisomwi kwa pupa. Lugha hii na Kiingereza zilikuwa lugha moja. Zikagawanyika, kama ndugu wanavyogawana ng'ombe."

"Waligombea nini?" akauliza mama mmoja.

"Hawakugombana. Walitengana tu."

"Walikuja kugombana baadaye," akasema Mzee Masanja. "Sisi ndio tuliowabebea mizigo."

Watu wakacheka kidogo. Nikajaribu njia nyingine ya kununua muda. "Tena kuna shida. Mjerumani huweka tendo mwisho wa maneno yake. Anaweza kutaja mtu, mahali, siku, na ng'ombe, lakini hakuambii limetendeka nini mpaka amalize. Kwa hiyo lazima nipite barua yote kimoyomoyo kwanza."

"Basi Mjerumani akimjia mtu nyumbani, mtu huyo anajuaje kama anaamkiwa au anatukanwa?" akauliza Mzee Masanja.

"Anasubiri, mzee."

"Ndiyo maana walishindwa vita," akasema, na safari hii walicheka wote, mimi nikiwa mmojawapo. Jasho lilikuwa limeshafika kwenye soksi.

Mayu Kabula hakucheka. Akasema, "Mwanangu, kwanza isome kwa lugha yake yenyewe. Nisikie alivyosema. Maana utatueleza baadaye."

Nilitegemea kila kitu isipokuwa hilo.

Mle kitabuni kuna jedwali la vitenzi vya zamani vinavyobadilika tumbo, yaani irabu ya katikati, kadiri wakati unavyobadilika. Nililikariri mwaka jana kwa ajili ya raha yangu tu. Ndicho Kijerumani pekee kilichokuwa kichwani mwangu. Nikainua karatasi, nikashusha sauti kama padri wa Ijumaa Kuu, nikaanza:

"*Singen, sang, gesungen.*"

Vigoda vikasogezwa karibu.

"*Trinken, trank, getrunken. Finden, fand, gefunden.*"

Mwanamke mmoja akafunika uso kwa kanga. Nami, Mungu anisamehe, nikaanza kuona naweza. Nikatia huzuni. Penye *sterben, starb, gestorben* nilitulia kidogo kati ya neno na neno, na mabibi wawili wakalia kwa sauti. Niliinua macho nikaona mtu mmoja tu halii wala hashangai. Mzee Ramadhani, juu ya gunia lake, alikuwa amekunja uso kama mtu anayejaribu kukumbuka alikopotezea kisu.

Nikakimbilia tafsiri. Nikasema Ngasa anamsalimu mkewe mpenzi. Anasema yu mzima, anakula vizuri, maafisa wanamheshimu.

"Na miguu?" akauliza Mayu Kabula. "Alikuwa na miguu mibovu."

"Miguu imepona, mayu."

"Ahaa."

"Anasema, nisubiri mke wangu, nitakuja, hata nikichelewa nisubiri." Nililiona hilo kuwa zuri. Nilidhani ndilo neno ambalo mwanamke aliyesubiri miaka arobaini angependa kulisikia. Kisha, kwa kuwa Mzee Masanja bado alikuwa na lile tabasamu la upande, nikamtilia na yeye: "Tena anasema, mheshimu sana mdogo wangu Masanja, kwa maana ni mtu mwema, na mwenye huruma kwa watu na mifugo."

Tabasamu la Masanja likahamia pande zote mbili. Akagonga fimbo chini. "Kaka yangu alikuwa mkweli sikuzote," akasema. "Mmesikia? Mmesikia wote?"

Mayu Kabula alikuwa ameinamisha kichwa. Luhende akaanza kuelekea kwa fahali, taratibu, kwenda kumfungua. Barua haikuwa ya kuaga. Hakuna matanga.

Hapo Mzee Ramadhani akakohoa.

"Bwana Karani," akasema kwa Kiswahili chake cha Ujiji, pole pole, "samahani. Huyu marehemu, wakati anaandika, alikuwa anaimba, ameimba, anakunywa, amekunywa?"

Nikaanza kuikunja karatasi.

"Nauliza kwa sababu hayo uliyosoma nayajua. Nilikuwa karani wa boma kwetu Ujiji enzi za Mjerumani. Shule yao niliisoma. Hayo maneno yalikuwa ubaoni, mstari kwa mstari, ulivyoyataja. Mimi nilichapwa viboko kwa ajili ya *gefunden*."

Mtu mmoja nyuma akatafsiri kwa Kisukuma kwa wasiosikia Kiswahili. Alitafsiri mpaka viboko. Nilisikia kicheko kikianza mbali, kama mvua inavyoanza kwa jirani.

"Naweza kuiona?" akauliza Mzee Ramadhani.

Nikampa. Ningefanya nini? Siku tatu mtu huyu alikuwa amelala hatua ishirini kutoka kwenye kile kibuyu, na hakuna aliyemwuliza. Nani humwuliza mwuza dagaa habari za barua?

Akavaa miwani yenye mguu mmoja wa uzi. Akaisogeza karatasi kwenye jua. Midomo ikamtembea. Akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Mwandiko ni wa Mjerumani," akasema. "Safi kabisa, mwandiko wa shule. Lakini maneno si ya Mjerumani."

"Ni ya nani?" akauliza Luhende, mkono bado kwenye kamba ya fahali.

"Sijui. Nadhani ni ya kwenu. Mimi Kisukuma changu ni cha kuuzia dagaa tu. Nitatamka kama yalivyo, ninyi mtasikiliza."

Akaanza kusoma. Alisoma vibaya, anakata neno katikati, anaunganisha mawili, kama mtu anayetafuna wali wenye mawe. Hakuelewa anachosoma. Lakini neno la kwanza lilikuwa *Kabula*, na la pili lilikuwa *mwangaluka*, ambayo ndiyo salamu yetu ya asubuhi.

Na Mayu Kabula akaitikia. "Mwangaluka," akasema, haraka, kama unavyomwitikia mtu aliyeingia mlangoni. Kisha akajisikia, akashika mdomo.

Hakuna aliyecheka tena.

Jamaa zangu, ilikuwa Kisukuma. Toka juu mpaka chini. Lugha niliyonyonya nayo. Lugha tuliyokuwa tukichapwa bwenini kwa kuisema, mnakumbuka. Nilikuwa nimeishika mkononi, nikawaeleza ukoo wote wa Ngasa habari za Wajerumani kutengana na Waingereza, na kila mtoto aliyekuwa pale angeielewa barua ile kama kungekuwa na mtu wa kuitamka.

Nawawekea ilivyosema, kwa kadiri ninavyokumbuka.

Ngasa alimwambia mkewe ampe maziwa aliyeleta barua. Kwamba wako upande wa pili wa mto mkubwa ambao jina lake halijui. Kwamba miguu yake imeoza kwa funza, na wenye miguu ya namna hiyo huachwa njiani, naye amekwisha kuwaona wengi. Kwamba padri alimfundisha mwandiko huu na hakumfundisha mwingine, kwa hiyo atafute mtu wa misheni amsomee. Kisha:

"Usiningoje. Mvua mbili zikipita, olewa. Nakuachia wewe uchague. Ila usiolewe na Masanja, anapiga ng'ombe usoni."

Mzee Ramadhani alilisoma hilo kwa sauti ile ile ya mawe, bila kujua amesoma nini. Akainua macho kuona kwa nini watu wote wamegeuka upande mmoja.

"Ni ng'ombe mmoja," akasema Mzee Masanja. "Mara moja. Na alikuwa amenikanyaga."

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Mayu Kabula. Alicheka mpaka pumzi ikamwishia, wajukuu wakampiga mgongo, akacheka tena. Ndipo wigo mzima ukalipuka. Walimcheka Masanja, kisha mmoja akasema, "Mwenye huruma kwa watu na mifugo," wakanigeukia mimi, na hapo ndipo kicheko kilipopata mahali pa kukaa. Mwanamke yule aliyefunika uso kwa kanga alikuwa anagaagaa. Kijana mmoja alisimama akaniiga: "*Singeni, sangi!*" na watoto wakaitikia. Mimi nilisimama katikati, na tai.

Hayo yalikuwa yangu kuyabeba, nami nayabeba. Lakini nilikuwa namtazama Mayu Kabula, kwa hiyo niliona wengine wakiendelea kucheka yeye akiwa amekwisha kunyamaza.

"Mvua mbili," akasema. Hakumwambia mtu. Vidole vyake vilihesabu kidogo juu ya goti, vikaacha.

Akaomba isomwe tena. Mzee Ramadhani akasoma. Akaomba mara ya tatu, na safari hii mzee alipokata neno vibaya, yeye alilitengeneza, kwa upole, mstari kwa mstari, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuishika kichwani. Barua ilikuwa na neno moja la mwisho, kwamba ikiwa lile tumbo ambalo mkewe alimtajia siku ya kuondoka ni la kweli, mtoto asikae karibu na askari. Luhende aligeukia wigo.

"Ni ya kuaga," akasema Mayu Kabula. "Leteni maji na wembe."

Wakamnyoa pale pale. Nywele zenyewe zilikuwa chache, nyeupe. Fahali akachinjwa. Wanawake wakaanza kulia kilio chenyewe, si kama kile cha vitenzi vyangu, na nikajua tofauti yake.

Nilikwenda kuchukua baiskeli yangu kwa mlango wa nyuma, kama mwizi. Mjukuu akanifuata, akasema naitwa na bibi yake.

Nilipiga magoti. Nikasema, "Mayu, nimekudanganya. Sikuweza kuusoma ule mwandiko. Niliogopa kuchekwa na watu."

"Wakacheka."

"Wakacheka, mayu."

"Nilijua," akasema. Kichwa chake kilichonyolewa kilikuwa kidogo kama cha mtoto. "Ulipomsifu Masanja nilijua. Na kabla ya hapo. Uliposema nisubiri. Ngasa hakuwahi kuniambia nisubiri, hata njia ya kisimani. Alikuwa anatembea mbele tu, ukimpata umempata."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka nione utaishia wapi." Akapumua kwa shida, akangoja pumzi irudi. "Nikasema pia, labda na hii itanitosha. Nimechoka, mwanangu. Nilikuwa tayari kuichukua ya kwako."

Nikaifungua tai, nikaitia mfukoni.

"Sasa," akasema, "Jumapili ijayo uje na karatasi. Nina jibu."

"Jibu la nini, mayu?"

"La barua. Mtu akikuandikia, hujibu? Nitasema, wewe utaandika. Kisukuma. Na uandike kwa mwandiko ule ule, kwa kuwa amesema hakufundishwa mwingine."

"Itapelekwa na nani?"

"Na mimi," akasema. "Sina safari nyingine."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nimerudi Mwadui jua bado liko juu, na getini bawabu akaniamkia, "*Sangi*." Luhende hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko vicheko. Alinisukumia baiskeli mpaka barabarani, akaniambia tu, "Usikose Jumapili. Kifua chake kibaya."

Ekseli ya lori haitafika kabla ya Ijumaa, kwa hiyo nimemwomba Mzee Ramadhani anifundishe ule mwandiko, naye amekubali. Miaka miwili nimesoma jinsi sauti za Wajerumani zilivyohama, na kesho baada ya kazi nakwenda kukaa chini, karibu na gunia la dagaa, kuanza herufi a. Tafadhali, asicheke mtu.